Mkunga-Mwanga na Jibu la Kwanza

Asubuhi, mkunga-mwanga aliteremka kutoka darini, polepole, mpaka karibu na kitanda cha Mize. Kilikuwa chombo kidogo, hakizidi andazi, na kazi yake ni kumlinda mzazi na mtoto wakiwa nyumbani. Kikapitisha mwanga wake juu ya kichanga kilicholala, kikapima joto, kikasikiliza pumzi, kikaridhika. Kisha kikamgeukia mama.

"Hujambo, mama? Umeamkaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi," Mize akajibu.

"Vyema. Kwaheri." Kikapanda kurudi darini.

Hapo ni Halvena, ng'ambo, mji wa magari yanayoruka na barabara zinazojifagia zenyewe. Mji tajiri, lakini una aibu yake: mama Weusi walikufa kwa uzazi zaidi kuliko mama wengine, na watoto wao vivyo hivyo, hata wale wenye visomo na vyeo. Hospitali zile zile, dawa zile zile, jamani! Mashine za zamani zilifundishwa kwa miili ya Wazungu, kwa hiyo mwanga wa mashine hizo ulipotea kwenye ngozi nyeusi. Tena zilisomeshwa maandishi ya madaktari ambao mwanamke Mweusi akisema anaumwa, hawamsadiki.

Mhandisi Raya Khatibu ndiye aliyepewa kazi ya kuifuta aibu hiyo. Akatengeneza mwanga unaosoma damu chini ya ngozi ya rangi yoyote. Na kwa kuwa mtaa wake ulijaa watu wa pwani waliohamia huko, akakifundisha chombo Kiswahili, tena Kiswahili cha adabu, maana hapendi kitu kinachoingia ndani kwa watu bila salamu. Vifo vikapungua sana. Raya akatamba, na alikuwa na haki ya kutamba.

Mchana ule alipita kwa Mize, mke wa kaka yake, ambaye arobaini yake ilikuwa bado kwisha, kumpelekea uji wa pilipili manga. Akakuta mapazia yamefungwa.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo."

"Giza lote hili la nini, unajificha wadai? Habari za tangu juzi?"

"Nzuri tu." Raya akavuta kiti, akakaa, ndipo Mize akaongeza: "Ila kichwa, wifi. Tangu jana kinataka kupasuka. Na macho yanaona vimulimuli."

Raya aliweka bakuli chini. "Mkunga! Umempima presha?"

"Sikumpima," chombo kikajibu kwa upole. "Mzazi akisema hajambo, mkanda wa presha haumbani. Amesema hajambo."

Kanuni hiyo aliitunga Raya mwenyewe, kuwapunguzia mama usumbufu. Mtu gani wa pwani asiyejua kwamba hata aliyevunjika mguu huanza na "nzuri", ndipo baadaye aseme ya mguu? Amelelewa hivyo, anaishi hivyo, na chombo chake amekifundisha kuondoka kabla ya habari yenyewe!

"Mpime sasa hivi!"

Mkanda ukabana. Taa ikawa nyekundu. Ilikuwa presha ya baada ya kujifungua, ile inayoua mtu huku watu wanamletea zawadi za mtoto.

"Wifi, mwanangu..." Mize alimshika mkono.

"Mwanao ninaye mimi. Wewe ole wako ufe, sitakusamehe." Machozi yalikuwa yanamtoka Raya, wala hakuyafuta.

Kitanda-ndege cha wagonjwa kikawabeba mpaka hospitali. Daktari Velm akasoma ripoti kwenye kioo chake. "Chombo kinasema kila siku hajambo; hii nyekundu ya leo ni hitilafu tu. Hicho kichwa ni uchovu wa uzazi. Arudi nyumbani, apumzike."

"Chombo nimekitengeneza mimi, na nakwambia hizo siku zote kimekosea! Mpime kwa mkono wako!"

Daktari akapima. Akapima tena. Kisha akaanza kuagiza dawa kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu.

Nje ya chumba, muuguzi Loretta, Mweusi mzaliwa wa Halvena, aliyekuwa amesikia yote, alikaa karibu na Raya. "Mimi nilipojifungua sikusema sijambo," akasema. "Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mashine ya wakati ule ikaandika kwamba natia chumvi. Mwanangu hakufika jioni."

Raya akamgeukia. "Pole sana, dada."

"Ahsante. Huyu wako atapona. Lakini umefundisha hicho chombo kuona ngozi yetu. Sasa kifundishe kutuamini."

Mize akapona. Raya alikifumua chombo chote. Kanuni mpya ikawa kila mzazi apimwe, hata ajibu nini; na anayesema anaumwa aaminiwe, aseme kwa kunong'ona au kwa kupiga mayowe. Baada ya salamu, kikae, kingoje.

Mize aliporudi nyumbani, chombo kikateremka. "Hujambo, mama?"

"Sijambo."

Mkanda ukabana, presha ilikuwa nzuri. Chombo hakikuaga. Kikabaki pale pale, kimya.

"Mbona huondoki? Umbea tu unakusumbua!" Mize akacheka. Chombo kikangoja. Kicheko kikamwisha. "Haya basi. Nilijua nakufa. Mpaka leo nikifumba macho naogopa sitayafumbua."

Raya alikuwa kwenye mkutano na wakubwa wa mji, wakimpongeza, simu yake ilipolia.

"Mama Mize anaogopa," chombo kikasema. "Nimepima kila kitu, sikuona kitu. Lakini namwamini. Njoo."

Raya aliwaaga wakubwa, akaenda.