Filimbi Sokoni Levolosi

Priii! Priii!

Mwamvua hakugeuka kutazama. Alikamata pembe nne za shuka, akafunga nguo zake za mitumba, akatupa mzigo mgongoni. Akakimbia.

Mwaka jana filimbi kama hiyo ilikuwa ya mgambo, walipowaondoa wauzaji kando ya barabara. Siku hizi ana nafasi halali sokoni Levolosi. Lakini miguu yake haijaambiwa.

Hatua kumi tu, fundo likafunguka. Suruali na blauzi zikamwagika topeni.

"Mama Najim, unamkimbia nani?"

Alikuwa Frederick, jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi. Filimbi ilining'inia shingoni mwake. Nyuma yake walisimama kiongozi mwenzake na watoto kumi na wawili wenye sare za kaki na skafu. Mkiani alikuwepo Najim, mwanawe wa miaka tisa, bila sare. Alitakiwa awe nyumbani.

"Mama, hawa ni skauti! Na mimi nataka!"

"Uvae kaki, uje unikimbize mama yako?"

Watoto wakacheka. Frederick hakucheka.

"Okoteni," alisema.

Wakaokota, wakakung'uta. Kijana mmoja akafunga shuka upya. "Kulia juu ya kushoto. Kisha kushoto juu ya kulia."

Mwamvua akalivuta fundo kwa hasira. Halikuteleza.

"Skauti si mgambo, wala si jeshi," Frederick alisema. "Hawa wadogo tunawaita kabu. Wanajifunza kwa kucheza. Kufunga kamba, kuvuka barabara, kumsaidia aliyeumia."

"Na dini? Sisi Waislamu."

"Kila mtoto anashika dini yake. Saa ya swala mchezo unasimama."

"Mnawapiga?"

"Hatumpigi mtoto. Tena viongozi tunakuwa wawili au zaidi, kila mara. Wewe njoo utazame siku yoyote, hata bila kutuambia."

Mwamvua alimtazama mwanawe. Najim alikuwa akiruka kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa na bandeji. Jumamosi iliyopita alikwenda Mto Themi peke yake, akakanyaga chupa. Ukimfungia mlango, anatokea dirishani.

"Huyu hatulii, mwalimu. Atawachosha."

"Wasiotulia ndio ninaowatafuta. Njoo shuleni ujaze fomu, uweke namba yako ya simu. Sare itasubiri."

"Wiki nne," Mwamvua alisema. "Nisiporidhika, namtoa."

Wiki ya kwanza alikwenda kuchungulia juu ya ukuta wa shule. Wiki ya pili akaingia, akakaa kwenye benchi. Najim alikuwa akikimbia, akianguka, akiinuka, lakini kila alipoitwa, alisikia. Mtoni hakwenda tena.

Wiki ya nne, wakiwa sokoni, mvua ilishuka ghafla kutoka Mlima Meru. Upepo ukang'oa turubai la Mwamvua. Najim akadaka kamba. Kulia juu ya kushoto. Kushoto juu ya kulia. Turubai likatulia.

"Wee fundi!" Swabaha, muuza vitunguu wa jirani, alipiga kelele huku amelowa. "Mwenzenu naogelea huku! Njoo na kwangu!"

Najim akaenda, akafunga, akarudi.

"Mama, Jumamosi naweka ahadi yangu ya kabu. Nataka uwepo. Lakini..." Alitazama miguu ya mama yake. "Filimbi zitalia. Nyingi."

Mwamvua alianza kucheka, kisha akaacha. Alimshika mwanawe mabega yote mawili.

"Nitakuja, Najim. Nitasimama mbele kabisa. Zilie hata filimbi mia, mama yako hakimbii."