Kitambulisho cha Mtu Mwingine

Kiden alimwona Phineas kwa mara ya kwanza kwenye foleni ya kusajili laini za simu, soko la Konyo Konyo mjini Juba, ameshika kitambulisho kisicho chake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lote lile.

"Wewe ndiyo Lomoro?" Kiden akamchokoza, akisoma jina la kienyeji kwenye kadi. "Lomoro gani anaongea Kiswahili ya Nairobi?"

"Pole, mrembo. Pasipoti yangu iko uhamiaji. Nimeazimwa tu."

"Kitambulisho haiazimwi."

Phineas akacheka, akatoka kwenye foleni, akamkaribisha chai mtaa wa Hai Amarat. Kumbe alikuwa mchambuzi mpya wa takwimu katika kituo cha utafiti wa kifua kikuu kule Thongpiny, na Kiden ndiye aliyeamua pale nani afungue faili zipi. Hilo hakulifanyia mzaha na mtu. Baada ya miezi minane walikuwa wanapendana bila kujificha.

Wiki ile ambayo Phineas angekwenda kujitambulisha kwa mjomba wake Kiden, malaria ikamwangusha.

"Mpenzi, niko kitandani," alimpigia asubuhi. "Hata kichwa siwezi kuinua."

Saa nne Kiden akaona akaunti ya kazini ya Phineas imefunguliwa Nairobi, na ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya Phineas imejazwa sawasawa. Faili lenyewe lilikuwa la majina ya wagonjwa. Wivu ukamwambia Phineas amedanganya, yuko Nairobi kwa mwanamke. Akaifunga akaunti, kisha akazima simu yake.

Bosi wao, Saturnino, akamwambia aifungue kimyakimya. Wafadhili walikuwa wanangoja ripoti.

"Mimi nakataa," Kiden akasema. "Andika barua ya kunifukuza, nitasoma."

Kesho yake Phineas akaja ofisini, macho yamemwingia ndani, amevaa koti kwenye jua la Juba.

"Kumbe hukusafiri," Kiden akasema.

"Ningesafiri aje na hii homa? Nilimpa Jerioth, mwenzangu wa kazi wa Nairobi, paswadi yangu, nikamsomea ile namba kwa simu. Alikuwa ananimalizia ripoti. Kwani ulidhani niko na mwanamke?"

"Afadhali ingekuwa mwanamke. Hiyo ingeumiza mimi peke yangu. Kule ndani iko watu elfu tatu, Phineas. Walitupa jina yao, na nyumbani hata bibi ama bwana hajui wanaumwa."

"Jerioth ni mtu wa kuaminika."

"Basi aombe ruhusa na jina yake. Ripoti ya kosa nimeandika. Jina yako iko juu."

Kiden alimpenda mno dakika ile, na hakurudi nyuma hata kidogo. Phineas akasoma ukurasa wote polepole, hadi adhabu iliyoandikwa chini, akachukua kalamu, akasaini kwamba kosa ni lake.

"Miezi mitatu bila kugusa faili," akasema. "Sawa. Na Jumapili, kwa mjomba?"

Kiden akamfunga kifungo cha koti.

"Uje. Na ubebe kitambulisho yako mwenyewe."