Kitufe Namba Mbili

— Des! Nani mwenye miguu mirefu namna hii?

Noelene alikuwa amekaa kwenye gari jipya la mumewe, pedeli ziko mbali, hazifikii. Alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya kitufe namba mbili, kati ya vile vinavyokumbuka kiti cha kila dereva, kiti kikajirudisha chenyewe mpaka nyuma kabisa. Namba moja ni ya Des, na Des ni mfupi.

— Kitakuwa kimeharibika, Des alisema bila kumtazama.

— Gari la miezi miwili? Kumbe ndiyo maana unaliuza la baba!

La baba yake Noelene lilikuwa palepale chini ya bati, Holden ya mwaka 1964, gari la Australia hiyohiyo. Humo ndimo Des alimtongoza, kwenye kiti cha mbele kirefu kama benchi, bega kwa bega. Hili jipya lina viti viwili na kizuizi katikati. Mnunuzi alikuwa njiani anatoka mji wa Mildura.

— Lile limezeeka, Noelene. Hili lina kiyoyozi, linatia gia lenyewe, lina kumbukumbu...

— Ndiyo, kumbukumbu! La baba halijawahi kukumbuka mwanamke mwingine.

Simu ya Des ikalia, ujumbe umeingia, na skrini ya gari ikauandika mbele ya macho ya mkewe: "Alhamisi nakufuata kama kawaida. Noelene asijue. K."

— K ni nani?

— Kev.

— Kev wa posta? Yule mrefu kama mlingoti?

Des akaketi kwenye ngazi ya baraza.

— Ananipeleka hospitali kwa gari hili. Wakinichoma sindano siruhusiwi kuendesha, anarudi nalo yeye. Ni mguu wa kushoto. Tangu Machi haunisikii. Klachi ya gari la baba siiwezi tena. Hili halina klachi.

— Daktari anasemaje?

— Anasema hautarudi.

Noelene akashuka garini.

— Kev anajua, mimi mkeo sijui! Nikadhani nina mke mwenza, kumbe mke mwenza ana ndevu!

— Niliona aibu.

— Na mimi uliniona nani? Mpigie huyo mnunuzi, arudi alikotoka.

— Ataliendesha nani? Baba yako hakukufundisha. Gia zake utazivunja.

Noelene alichukua funguo, akaingia kwenye gari la baba, akashika usukani. Des akapanda, akabanana na mlango wa upande wa pili kama mgeni.

— Sogea hapa.

Akasogea katikati. Mkono wa gia, ulio ubavuni mwa usukani, ukawa mbele ya mkono wake.

— Mimi nakanyaga klachi, wewe tia gia.

— Kanyaga. Achia... taratibu, mke wangu, taratibu!

Gari likaruka kama mbuzi, kisha likatulia barabarani. Lori la ngano likaja mbele yao, na dereva wake akainua kidole kimoja juu ya usukani, salamu ya madereva wa huko. Noelene alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono yote, hakuthubutu kuuachia. Des akainua kidole chake.

— Hiyo salamu ni ya dereva, Noelene alisema, machozi yakimfika kidevuni.

— Nusu dereva ni mimi. Alhamisi utanipeleka wewe?

— Nani mwingine?

— Basi kanyaga. Ya tatu hii.