Mwenyewe Hataki

Shangazi yangu hakuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hizi huniuliza kwanza kama alikuwa na mazoea ya kupiga chuku. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba vinane na moyo laini, na mtu mwenye vitu hivyo viwili kwa pamoja ana shida kubwa kuliko asiye na hata kimoja.

Mumewe aliijenga nyumba ile kidogo kidogo, chumba kimoja baada ya kingine, akafa kabla ya kupiga rangi. Vyumba vinne huku, vinne kule, ua katikati, choo na bafu mwishoni. Shangazi akakaa chumba cha karibu na geti, vilivyobaki akapangisha. Hapo ndipo alipojua kuwa nyumba ya kupanga hailali. Leo shimo la choo limejaa, kesho pampu imekufa. Mita ya umeme ni moja, kwa hiyo mwenye pasi anagombana na mwenye friji, na mwenye taa moja tu anagombana na wote wawili. Huyu anataka kutoboa ukuta. Yule amemleta mdogo wake, na mdogo wake ameleta mke. Kila mmoja anakuja kuomba na machozi yake, na shangazi hakuweza kuona machozi ya mtu bila kutoa ya kwake.

Basi akajitafutia dawa. Akaanza kuwaambia wapangaji wapya kuwa yeye ni msimamizi tu, mwenye nyumba ni mzee mmoja mkali anayeishi mbali. Mtu akija na ombi, shangazi anasikitika naye kabisa, anatoa simu, anasogea pembeni. "Ndiyo, mzee. Ndiyo, mzee. Naelewa, mzee." Kisha anarudi amekunja uso. "Mimi ningekubali, mwanangu. Lakini mwenyewe hataki."

Dawa ilifanya kazi ajabu. Wapangaji walimpenda yeye, wakamchukia mzee. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyomwongezea mzee wake sifa: ana kikohozi kikavu, hapendi kelele za mchana, hacheki, hasahau. Nikienda kumtembelea tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. "Mwenyewe hajambo?" ndiyo ilikuwa salamu yangu. "Mkali vilevile," ananijibu, huku akinimiminia chai.

Mambo yalianza kuharibika siku ya kawaida kabisa, asubuhi, jua limeshatoka. Muuguzi mmoja aliyepanga chumba cha mwisho alitaka kuweka jiko la gesi barazani. Shangazi akachukua simu, ambayo ilikuwa imeishiwa chaji tangu jana yake, akaiweka sikioni. "Ndiyo, mzee," akaanza.

Ndani ya simu mtu akakohoa.

Hakuniambia siku ile. Aliniambia baadaye, baada ya kushukuriwa na mshona nguo, mwanamke wa makamo asiye na makuu, aliyepanga chumba kilichopakana na cha muuguzi.

"Mama, tunashukuru," mshona nguo alimwambia. "Mwenyewe amekuja kuliangalia lile paa linalovuja. Wewe ulikuwa umetoka. Kumbe ni mzee wa heshima tu! Ila anakohoa, maskini."

Paa lilikuwa limezibwa. Shangazi alikuwa hajamwita fundi yeyote.

Alidhani ni tapeli, na mimi nikadhani hivyohivyo. Tukabadilisha kufuli la geti. Lakini tapeli huchukua, na huyu alikuwa anatengeneza. Shimo la choo likawa tupu, na hakuna gari la maji taka lililoonekana mtaani. Pampu ikafufuka. Kisha mpangaji aliyetusumbua kwa muziki wa sauti ya juu akahama bila kuaga. Vyombo vyake vyote vilikuwa ndani, wali ukiwa mezani na kijiko kimechomekwa. "Mwenyewe alizungumza naye," wapangaji walisema, na hakuna aliyetaka kueleza zaidi.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na nadhani siku ile ndiyo niliyousikia kwa mara ya kwanza.

"Njoo ukae na mimi kutwa moja," shangazi akanipigia simu. "Nataka nimwone kwa macho yangu."

Nikaenda. Tukakaa chumbani kwa mshona nguo, mlango wazi, ua wote tunauona. Cherehani ilikuwa inakwenda, watoto wanacheza nje, mtu anafua. Jua lilipokuwa kali, watoto wakaacha mchezo wao. Hawakuambiwa na mtu. Wakaingia ndani, mmoja mmoja. Aliyekuwa anafua akafunga bomba.

Cherehani ikasimama.

"Amefika," mshona nguo akanong'ona.

Hatukuona mtu akipita. Tukasikia mlango wa muuguzi ukifunguka. Sauti ya mwanamume ikasema jambo, polepole. Kisha kikohozi. Kikavu. Shangazi akanishika mkono, tukatoka nje mbio.

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Mmepishana naye, Mama. Ameingia humo mlimotoka."

Tukageuka. Mlango wa mshona nguo ulikuwa unajifunga. Taratibu. Ukafika mwisho. Komeo likaingia, kwa ndani.

Tukamsikia mshona nguo. "Ndiyo, mzee." Kimya. "Ndiyo, mzee. Naelewa, mzee."

Yalikuwa maneno ya shangazi. Yaleyale, kwa sauti ileile ya unyenyekevu.

Mlango ulipofunguka, mshona nguo alikuwa peke yake, macho yamelowa. Alimtazama shangazi kwa huruma ya kweli.

"Mimi ningekubali ubaki, Mama," alisema. "Lakini mwenyewe hataki. Anasema kazi ya usimamizi imekwisha. Anakihitaji chumba chako."

"Hii ni nyumba yangu!" Shangazi alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Mume wangu ndiye aliyeijenga! Yangu!"

Wapangaji wakatoka kwenye milango yao. Wakatazamana. Wakainamisha macho, kama watu wanaomwonea mwenzao aibu.

Tulipeleka malalamiko serikalini. Hati zilikuwa na jina la marehemu, na shangazi hakuwahi kuzibadilisha wala kufungua mirathi. Afisa akawaita wapangaji, akawauliza nyumba ni ya nani. Hakuna aliyedanganya. Wote walisema mama huyu, kwa kinywa chake, amewaambia miaka yote kwamba nyumba si yake, na kwamba mwenyewe wanamfahamu, huwatembelea.

"Ulisema hivyo, mama?" afisa akauliza.

Shangazi akaziokota hati mezani, akazikunja. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona: mtu ananyang'anywa kilicho chake mchana kweupe, na kila shahidi anasema kweli.

Tulipokwenda kuchukua vitu vyake, tulivikuta vimetolewa nje, vimepangwa vizuri chini ya baraza. Chumba chake kilikuwa na mpangaji tayari, mama mwenye mtoto mchanga. Alitukaribisha ndani tupumzike.

Sasa anaishi kwetu. Nyumba yetu aliijenga mume wangu, hatujawahi kupangisha hata banda la kuku. Shangazi hagusi kitu bila kuomba ruhusa. Huniuliza kama anaweza kufungua dirisha.

"Shangazi, hapa ni kwako," nilimwambia.

"Usiseme hivyo kwa sauti," akanijibu, akageukia mlangoni.

Wiki iliyopita nilikuta mstari wa chaki kwenye sakafu ya sebule. Umenyooka, kutoka ukuta huu mpaka ule, unapita chini ya kochi, kama fundi anavyochora mahali pa kusimamisha ukuta mpya. Upande wa jikoni umeachwa wazi, upana wa mlango. Nimeusugua kwa sabuni, nikausugua na kwa mafuta ya taa. Sakafu ikikauka, upo.

Mume wangu, asiyeamini mambo haya, alinicheka siku ya kwanza. Jana nilirudi kazini nikakuta amelisogeza kochi, lote limekaa upande mmoja wa mstari. Yeye alikuwa anatazama dirishani. Nikaishika meza, nikaisogeza upande uleule.