Mwache Amalize

Niliacha nyama jikoni kwenye moto mdogo, nikachukua ufunguo wa gari, nikatoka kumfuata baba mkwe. Ilikuwa kazi ya kila siku. Tangu magoti yamharibikie, mzee Delwin alikuwa akienda kujiloweka kwenye chemchemi ya maji moto karibu kila alasiri, na kila alasiri alisahau kurudi. Mume wangu Rulon alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe, kwa hiyo kumfuata kukawa juu yangu.

Siku hiyo nilikwenda na donge rohoni. Asubuhi mimi na mzee tulikuwa tumegombana. Mara mbili mwezi ule alikuwa ameacha gesi wazi, nami nikamwambia bila kupamba maneno kwamba Jumatatu nampeleka mjini kwenye nyumba ya wazee, atake asitake. Alivaa koti, akabamiza mlango. Njia nzima, maili kumi na nane za vumbi na vichaka vya kijivu, nilikuwa napanga jinsi ya kumwomba radhi. Mimi kuomba radhi sijui, ulimi wangu ni wa kukata tu. Lakini nilikuwa nimeshaamua: haendi popote. Atabaki na sisi, na gesi nitaifunga mwenyewe.

Nilifika saa kumi na robo. Novemba kwetu Nevada jua huzama mapema, na huku juu likishazama baridi inashika papo hapo. Gari lake bovu lilikuwa pale tunapoegesha wote, hatua kama sitini kutoka majini. Mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya usukani, anatazama mbele.

Nilishukuru kumwona. Nikafungua mlango wa upande wa pili, nikaketi karibu naye.

"Baba, chakula tayari."

Hakugeuka. Aliinua kidevu kidogo kuelekea kwenye mvuke.

"Kuna mtu," alinong'ona.

Nikatazama. Kweli. Katikati ya mvuke kulikuwa na mtu, amekaa majini hadi mabegani, ametupa mgongo, kofia kichwani.

Sasa, watu wa mjini hawatanielewa hapa. Kwetu, ukimkuta mtu kwenye chemchemi unasubiri garini. Humwendei, humwiti, humpigii honi. Watu wanaingia mle kama walivyozaliwa, na wengine wamesafiri saa tatu kuitafuta nusu saa ile ya amani. Mimi nimelelewa hivyo, Rulon kalelewa hivyo, na aliyelisimamia jambo hilo kuliko wote bondeni ni Delwin huyuhuyu. Aliwahi kusubiri kutwa nzima kwa sababu wachumba fulani hawakutaka kutoka.

Basi nikasubiri.

Ndani ya gari kulikuwa na baridi kuliko nje. Kulinuka mayai viza, ile harufu ya maji yenyewe, lakini nzito, kama imelala humo siku nyingi. Nikaanza kusema yangu. Nilimwambia habari za Jumatatu zimekwisha, kwamba nilisema kwa hasira, kwamba nyumba ile ilikuwa yake kabla haijawa yetu. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akaushika wangu, akaubana. Nililia kidogo, sikatai. Miaka kumi na tisa nimeolewa pale na mzee yule hajawahi kunishika mkono.

Mbweha walilia vilimani. Halafu wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Nikatazama tena kule majini. Mabega sikuyaona. Ilikuwa shingo na kofia tu. Nikawaza, anajistarehesha huyo.

"Kakaa sana," nikasema. "Ni nani?"

"Mwache amalize."

Jua likazama. Mvuke ukawa mzito, mweupe, unatambaa juu ya nyasi. Kofia ilikuwa imeshuka tena. Ukingo wake wa nyuma sasa uligusa maji. Nikasema labda mtu kapitiwa na usingizi, nimwite basi, hata kwa mbali. Mkono ukanibana zaidi. Vidole vilikuwa vimelowa, na sikujua vimelowa saa ngapi.

Hapo ndipo nilipojiuliza jambo ambalo mwenye akili angejiuliza mwanzo kabisa. Mtu huyu amekuja na nini? Maili kumi na nane hakuna nyumba. Magari yalikuwa mawili tu, langu na la Delwin.

Upepo ukapita. Mvuke ukafunguka kidogo...

Kwenye nguzo ya uzio, kando ya maji, palining'inia koti la kahawia lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko.

Kiraka kile nilikishona mimi.

Sikugeuka kumtazama aliyekaa kando yangu. Sikuweza. Kwa pembe ya jicho niliona hana koti. Shati lake lilikuwa linachuruza maji kwenye sakafu ya gari. Tone... tone... tone...

"Baba," nikasema, na sijui nilikuwa namwita yupi.

"Mwache amalize."

Safari hii hakunong'ona.

Niliuchomoa mkono, nikaanguka nje, nikakimbia. Nilipofika, kofia ilikuwa inaelea peke yake.

Nilimvuta kwa makwapa hadi matopeni. Alikuwa mzito, uchi, mwili una joto la maji, na kwa joto lile nikadhani bado yumo. Nilimpulizia mdomoni, nikamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipoinua kichwa, mlango wa gari ulikuwa wazi kama nilivyouacha, taa ndogo ya ndani inawaka. Hapakuwa na mtu. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa hadi kwenye sponji.

Daktari alisema mshipa wa kichwa ulipasuka, mwili ukapooza upande mmoja, akashindwa kujiinua. Kilichomuua ni maji. Akaongeza, kwa nia ya kunifariji, kwamba mzee hakukaa chini ya maji muda mrefu. Dakika kumi, labda. Mimi nilikaa garini dakika arobaini.

Rulon nilimsimulia yote. Hakunicheka. Alifikiri sana, halafu akasema yule alikuwa baba yake, roho yake imetangulia kutoka. Mzee hakutaka kufia mjini, akaja kuomba aachwe, nami nikamwacha. Hata mkono kanishika. Maneno hayo yalinisaidia. Nilikula nayo na kulala nayo siku nne.

Siku ya tano, kabla ya mazishi, waliokuwa wakimwandaa mzee waliniita nimfunge vifungo vya shati. Nikamfunga. Nikamkunja mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto.

Mkono wa kulia wa Delwin hauna kidole gumba. Kamba ya kukamatia ndama ilikikata kabla sijaolewa, na bonde zima linajua. Mimi mwenyewe nimemkatia nyama mezani miaka yote kwa sababu hiyo.

Kule garini, kidole gumba cha mkono ule wa kulia kilikuwa juu ya kifundo cha mkono wangu. Kilikuwa kinanipapasa, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Hilo Rulon sijamwambia. Yeye anaamini baba yake alitaka kuachwa.