Furushi Lililofunguliwa Bila Kuchunguliwa

Kompyuta ilianza kunuka nywele zilizoungua. Mchana kweupe, jamani, na feni yake inazunguka vizuri tu.

Mhariri wa sauti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kelele, alisingizia vumbi. Vumbi gani! Kosa lilikuwa lake. Kwenye diski kuukuu alikuwa na furushi la faili zilizobanwa, sauti zote za marehemu mama yake, na nakala nyingine haikuwapo duniani. Wenzake kazini huandika kwanza amri ya <i>tar -tf</i>, wachungulie kilichomo. Yeye, kwa kiherehere, aliandika <i>tar -xf</i>: tokeni wote! Hata anayebisha hodi huulizwa nani kabla ya komeo kutolewa.

Wakatoka. Mama akicheka. Mama akigombeza kuku. Mama akikoroma. Na faili moja iitwayo “mgeni”, ambayo hakuna aliyeirekodi.

Alipofungulia kile kicheko, alisikia mtu akitafuna. Nusu ya kicheko ilikwisha kuliwa.

“Mume wangu,” aliita kwa kunong’ona, jambo lililomtisha mumewe kuliko jini lolote.

Mume, mpakia magunia mwenye kifua kama kabati, alisikiliza, akarudi kinyumenyume. “Tuiuze hii mashine.”

“Tumuuze na mama?”

Ndipo spika, ambazo waya wake ulikuwa umechomolewa tangu asubuhi, zikavuta pumzi, harufu ya nywele ikawapanda puani, kioo cha kompyuta kikafifia kama jicho linalosinzia, na sauti ya mama, ileile, yenye mkwaruzo wake uleule, ikatambaa polepole kutoka ukutani hadi shingoni mwa binti yake: “Mwanangu mpenzi, usinifute. Niache wazi, nitasema nawe kila siku mpaka uzeeke.”

Machozi yakamlenga. Kisha akakunja uso.

“Mwanangu *mpenzi*? Mama yangu aliniita kichwa cha nazi mpaka siku ya harusi yangu! Umemla nusu nzima, hata matusi yake hukuyaonja?”

“Ukinifuta,” sauti ikanguruma, “namfuta na yeye.”

“Tutaona.” Akaanza kuandika amri ya kufuta vyote vilivyotolewa.

“Mke wangu! Unamfuta mama!”

“Namfuta aliyetafunwa. Mzima yumo ndani. Furushi halipungui kwa kutolewa vitu, nakala tu ndizo hutoka.”

Akabonyeza. Ukuta ukapiga yowe, kisha kimya.

Akalirudia furushi, na safari hii hakusema tokeni wote. Alimwita mama kwa jina, faili moja moja, na mgeni hakumwita. Kicheko kikaja kizima, na mwisho wake: “Zima hiyo mashine, we kichwa cha nazi!” Mume akalia kama mtoto.

Akatengeneza furushi jipya la mama peke yake, akalibana, akalifuta la zamani. Halafu, kwa adabu aliyojifunza kwa taabu, akachungulia.

Mama akicheka. Mama akigombeza kuku. Mama akikoroma.

Chini kabisa: mgeni.

Mume alikuwa ameshafika mlangoni. Mama Kelele akavuta kiti, akakisogelea kioo mpaka pua ikagusa.

“Haya, kaa. Lakini umebanwa chumba kimoja na mama yangu, na kuku wa kugombeza humo hamna.”

Kutoka ndani, kwa mbali, gombezo likaanza.