Kutu Ndani ya Tangi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Tusekile alifagia uwanja na kumwagilia miche ya kahawa nyuma ya nyumba yao kijijini Ruanda. Alikuwa darasa la sita. Jumamosi ile alifagia bila raha, macho yake yakirudi kila mara kwenye tangi.

Lilikuwa tangi kuukuu la chuma ambalo baba yake, Zabron, alilileta kutoka Tunduma ili wavune maji ya mvua. Lilikuwa limefungwa tangu mwaka jana, na ndani yalibaki maji kidogo. Jirani yao, fundi Danford mchomeleaji, alisisitiza kwamba kabla mtu hajaingia kulisafisha, mfuniko ukae wazi siku nzima. Ijumaa mchana Tusekile alitumwa kuufungua. Boliti zilikuwa ngumu, na wenzake wa kwaya walikuwa wakimwita. Akaondoka bila kuufungua. Aliufungua kwa shida alfajiri ya Jumamosi ile, muda mfupi kabla baba hajatoka na brashi.

"Umefungua tangu jana, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

Zabron akaingia. Brashi ilisikika ikikwaruza mara chache, kisha kimya.

"Baba?"

Tusekile akachungulia. Baba alikuwa amelala chali, hatikisiki. Alipiga yowe. Mama akatoka jikoni mbio na kuanza kupanda kwenye tangi. Tusekile akamng'ang'ania miguu.

"Niachie! Baba yako anakufa!"

"Usiingie, mama! Sikufungua jana, nimefungua leo! Nilimdanganya baba!"

Danford, aliyekuwa kwenye karakana yake hapo jirani, alisikia maneno hayo akija mbio.

"Shemeji, shuka! Humo hamna hewa. Ukiingia tutawapoteza wawili."

Alivuta mpira wa kompresa yake, mashine ya kusukuma upepo, akauingiza hadi karibu na uso wa Zabron, akafungulia. Upepo ukavuma ndani ya chuma. Tusekile alipiga magoti kwenye matope, akaanza kuomba. Danford akajifunga kamba kiunoni, akaingia huku upepo ukiendelea kuvuma. Majirani waliokuja kwa yowe wakaivuta kamba. Zabron alitolewa midomo imebadilika rangi, mwili umelegea kama nguo iliyolowa. Danford akampulizia pumzi mdomoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa.

Ndipo Zabron akakohoa.

Alilazwa kituo cha afya siku mbili. Aliporudi, Danford alikuja kumwona, na Tusekile akamuuliza hewa ya tangini ilikwenda wapi.

"Ililiwa na chuma," fundi alijibu. "Oksijeni ni chembe mbili zilizoshikana. Ikigusa chuma chenye unyevu, zinaachana, kila moja inanasa kwenye chuma. Hiyo ndiyo kutu. Tangi likifungwa miezi mingi, oksijeni inakwisha, na anayeingia hahisi harufu wala moshi. Anaanguka tu."

Tusekile alianza kulia. "Nisamehe, baba. Boliti zilinishinda, nikaondoka."

Zabron alimvuta karibu. "Kushindwa na boliti si kosa, mwanangu. Ungesema, 'Baba, zimenishinda,' tungezifungua pamoja. Ulisema uongo, nami nikauamini nikaingia. Lakini ulipokiri pale tangini, ulimwokoa mama yako. Siku nyingine niambie ukweli mapema, ungali unaweza kusemwa kwa sauti ya kawaida, si kwa yowe."